Mama mukwe wangu alinitoa kwenye kisiwa cha gemu nilikofungwa miaka kumi na moja

Wakuu, nawasalimu kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, upande ule munakoona jua linazamia mukiwa Kigoma.

Kiswahili changu ni cha huku, mutanivumilia. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na muntu. Muke wangu amekaa pembeni anasoma kila mustari, na ameapa nikitia chumvi atafungua akaunti yake anisahihishe mbele yenu.

Bon.

Mimi ni muntu muzima. Niko na muke, mutoto mumoja wa kike, na kazi ya biro, yaani ofisi, pale bandarini, naandika mizigo inayoshuka kwenye boti. Na niko na ugonjwa mumoja: gemu ya zamani, RPG ya kaseti, ile ya picha za mraba mraba, upanga mukononi, na vijiji ambamo kila muntu ana sentensi moja tu ya kusema maisha yake yote.

Jina la gemu silitaji. Mashabiki wake wana hasira kuliko nyuki, na mimi leo nimekuja kusema ukweli.

Gemu hii imejaa makosa ya mafundi walioitengeneza, na mimi makosa yale njo (ndiyo) niliyapenda kuliko gemu yenyewe.

Mufano: upanga unaosifiwa na kila muntu kuwa wa mwisho kwa nguvu haufanyi kitu. Fundi alisahau kuuunganisha. Mwiko wa kupikia unaopewa na bibi wa kijiji cha kwanza unapiga zaidi. Nimeua majoka kwa mwiko, wakuu.

Mufano mwingine: padri wa kijiji cha pili, ukimuongelesha ukiwa umesimama juu ya ngazi, anakujibu maneno ya muuza samaki. Unaomba baraka, unaambiwa leo kuna samaki wabichi.

Na kuna kuku. Kuku mumoja nyuma ya nyumba ya mufalme. Ukisimama kati yake na ukuta, ukamuongelesha wakati anatembea, anakusukuma unapenya ukuta. Kumbe nyuma ya ukuta hakuna kitu, ni weusi tu. Ukitembea ndani ya weusi ule hatua za kutosha, unatokea kisiwa cha mwisho wa gemu, ambacho muntu wa kawaida anafika baada ya miezi ya jasho.

Hapo njo ujanja wangu ulinimaliza.

Kwenye kile kisiwa kuna sanduku za zawadi, jiwe la kusave, yaani kuhifadhi pale ulipofika, na muvuvi muzee mwenye mutumbwi. Hakuna kingine. Nilipofika, yule muvuvi aliniuliza: "Mugeni, nikuvushe?" Chini yake kuna Ndiyo na Hapana.

Mimi nikasema ngoja kwanza nifungue masanduku. Nikabonyeza Hapana.

Nikafungua masanduku yote. Nikasave. Nikarudi kwa muzee. Akaniambia: "Maji ni mabaya leo."

Nikamuongelesha tena. "Maji ni mabaya leo."

Wakuu, maji yalikuwa mabaya miaka kumi na moja.

Kuku hayuko kisiwani wa kunirudisha. Kaseti yenyewe imezeeka, nafasi ya kusave imebaki moja tu. Kuanza upya ni kumufuta hero wangu, niliyemukuza tangu sijaoa, na nilimupa jina langu mwenyewe, Freddy. Sikuweza. Basi kila Siku ya Mungu, nikitoka misa, nilikuwa nawasha, natembea naye kidogo kwenye muchanga, nazima. Muke wangu alikuwa anasema nimeenda kumutembelea mufungwa.

Sasa sikilizeni.

Mama mukwe wangu anakaa Mpala. Alianguka akitoka shambani, muguu ukavunjika, wakamuleta kwa boti. Hapa hospitali wakamufunga platre mpaka juu ya goti, wakasema asirudi kijijini mpaka itolewe.

Kwa wale wasiojua desturi za huku: mimi na mama mukwe hatukai chumba kimoja. Hatuli pamoja. Hataji jina langu, sitaji lake. Nikimuona njiani, ninakata kona. Ni heshima, na katika miaka yote ya ndoa yangu alikuwa hajanisemesha neno hata moja. Nilijua tu ananiona si kitu. Binti yake alitakiwa na muntu wa reli mwenye cheo, akanichagua mimi wa kuhesabu magunia.

Nyumba yangu ni vyumba viwili na salo, yaani sebule. Chumba cha mutoto, kitanda kinagusa ukuta wa huku na wa huku, muguu wa platre haupiti. Mama akawekwa salo.

Tele iko wapi? Salo. Mashine ya gemu iko wapi? Salo.

Donc mimi baba wa nyumba nikahamia jikoni. Nilikuwa natokea mulango wa nyuma, naingilia mulango wa nyuma, nakula nimekaa juu ya bidoni ya maji.

Siku ya nne hivi, nimetoka kazini, nasikia kutoka salo muziki wa kile kisiwa. Niliacha kutafuna.

"Nani anacheza?" nikamuuliza muke wangu.

"Mama."

"Mama nani?"

"Kwani uko na mama mukwe wangapi?" Akaendelea kukoroga sombe yake ya majani ya muhogo. "Muguu unamuuma, tele haikamati kitu, nikamuwashia ile yako. Kifaransa kidogo anasoma, alisoma kwa masista."

"Mwambie asiguse kuanza upya! Akigusa pale nimekwisha!"

"Ingia umwambie mwenyewe."

Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Alijua siwezi kuingia.

Wakuu, tangu siku ile sikuwa na amani. Kazini naandika magunia, akili iko kwa kile kitufe. Hero wa miaka kumi na moja yuko mikononi mwa mama ambaye simu yenyewe anaishika kwa mikono miwili kama yai.

Jioni nilikuwa naweka sikio ukutani. Muvuvi akiongea, gemu inatoa kasauti, tiriri. Basi nilikuwa nasikia: tiriri. Kimya. Tiriri. Kimya. Mpaka usiku.

Nikacheka, mimi mutaalamu. Nikamuambia muke wangu, maskini mama, anaongelesha muntu mumoja tu, hajui kama yule hana neno lingine.

"Anamusalimia," muke wangu akasema.

"Kila mara?"

"Akiamka, akitoka kula, akitaka kulala. Na kila hero akipita mbele yake. Anasema ni muntu muzima, huwezi kumupita bila kumuamkia. Kwenu, Freddy, munapita tu?"

Moyoni nilisema huku ni kupoteza kura, yaani umeme, bure, na kura yenyewe huku kwetu inakuja inavyotaka.

Wiki zikaenda hivyo. Tiriri, kimya, tiriri. Kabla ya kuzima, mama alikuwa anamupeleka hero kwenye jiwe na kusave, kama muke wangu alivyomuonyesha. Kila siku nilikuwa nauliza: bado yuko? Najibiwa: bado yuko, amekula, amelala.

Jumamosi moja muchana, niko uani naoga. Sabuni kichwani. Nikasikia muziki wa baharini.

Wakuu, kama hamujawahi kucheza gemu hii hamuwezi kuelewa. Muziki wa baharini unapigwa hero akiwa ndani ya mutumbwi tu. Miaka kumi na moja sikuwa nimeusikia.

Sikumbuki kufungua mulango. Nakumbuka nimesimama katikati ya salo, taulo kiunoni, povu machoni, napiga kelele: "Amevuka! Amevuka!"

Kwenye tele, muvuvi anapiga kasia na hero wangu amekaa mbele. Kwenye godoro, mama mukwe, manete ya gemu mukononi. Akaniangalia. Halafu akajifunika kitenge uso muzima, akageukia ukuta.

Hapo njo nilikumbuka nimevaa nini.

Nilitoka kinyumenyume. Aibu ile siwatakii, hata wale mulionitukana kwenye uzi wangu wa mwaka jana. Muke wangu kwanza alicheka, halafu akaingia kwa mama yake, akatoka hacheki. Mama alisema anataka kurudi Mpala. Na platre yake. Kesho. Hakugusa chakula siku ile wala iliyofuata.

Muke wangu akaniambia maneno machache tu: "Mama akitoka hapa namuna hii, mimi sitaweza kukaa hapa nikicheka na wewe." Akaenda kulala na mutoto.

Gemu nikaisahau. Naapa. Niliogopa kama sijawahi kuogopa.

Ikabidi aitwe baba mudogo wa muke wangu, Papa Edmond, mustaafu wa reli, muntu ambaye hata kuuliza maji anauliza kama anasoma ripoti. Akakaa uani. Mama ndani, nyuma ya pazia. Muke wangu mulangoni, anapeleka maneno huku na huku.

"Eleza kosa," Papa Edmond akaniambia.

"Papa, nilikuwa nimefungwa kisiwani miaka kumi na moja."

Akaniangalia. "Kisiwa gani? Miaka yote hiyo si ulikuwa kazini?"

Nikaeleza kuku. Nikaeleza ukuta. Nikaeleza muvuvi na maji mabaya. Nilikuwa nasikia mwenyewe namuna ninavyoonekana. Papa Edmond alitikisa kichwa kila sentensi, kama anavyotikisa kwa kichaa wa sokoni asimuudhi.

Halafu mama akaongea nyuma ya pazia. Muke wangu akasikiliza, akatugeukia.

"Mama anasema: nilipowashiwa mara ya kwanza niliona jina la mukwe wangu juu ya kile kijana. Nikauliza binti yangu, huyu ni nani? Akaniambia ni yeye, amekwama pale miaka mingi. Mimi sikuwa nacheza. Mukwe wangu yuko peke yake kisiwani, hana wazee wa kumuombea. Nilikuwa namuomba yule muvuvi amuvushe. Asubuhi namuomba, jioni namuomba. Alikataa sana. Halafu siku ile akauliza, nikuvushe? Nikasema ndiyo mbio mbio, asibadilishe mawazo."

Wakuu, nililia. Mbele ya Papa Edmond, muchana kweupe. Muntu niliyedhani ananiona si kitu alikaa wiki na wiki na muguu uliovunjika ananiombea kwa muvuvi wa picha.

Papa Edmond alikata shauri: kuku mweupe na kitenge kipya, kosa liishe. Na huku kwetu kuku yule akipikwa, mukwe na mukwe wakamula kwenye sahani moja, ile haya ya zamani kati yao inafunguliwa, munaweza kusemeshana.

Tulimula siku ileile. Mama alichukua paja, akaliweka upande wangu wa sahani. Akaniangalia usoni mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Mukwe," akasema, "usirudi tena kule."

"Ndiyo, mama."

Tulikula mpaka mifupa.

Kwa wataalamu: nimefikiri sana. Nadhani gemu inahesabu mara ngapi umemuongelesha yule muzee. Zile mashine za zamani hesabu zao zinafika mia mbili hamsini na tano, halafu zinarudi sifuri. Muzee akarudi sifuri, akamuona hero kama mugeni wa kwanza, akauliza tena. Hakuna mucheza gemu duniani anayeweza kumusalimia muntu mumoja mara zote hizo, sisi tunabonyeza mara mbili tunaondoka. Ilihitaji mama wa Mpala. Mwenye kujua zaidi anisahihishe, lakini kwa adabu.

Somo nililopata: nilijua makosa yote ya ile gemu, na kuhusu muntu aliyelala nyuma ya ukuta wangu sikujua kitu.

Platre ilitolewa, mama amerudi Mpala anatembea. Sasa kila Siku ya Mungu anapiga simu. Hamuulizi binti yake kwanza, anaomba nipewe mimi. "Mukwe, ulifika nyumbani?"

Maana muke wangu alimueleza kwamba gemu inaisha hero akirudi kijijini kwao.

Wakuu, sijafika. Njia ya kurudi ina jitu la vichwa vitatu mulangoni mwa bonde, na kwa sababu nilipenya ukuta, nilikosa miezi yote ya kujifunza kupigana nalo. Limeniua mara ngapi sijui. Mwiko haulitoshi. Kila juma namujibu mama, "niko njiani," na yeye anasema, "nakuombea."

Kwa hiyo nawaomba. Kama kuna muntu hapa aliyewahi kulishinda lile jitu kwa mikono yake, bila kuku, bila ukuta, aandike hapa chini hatua kwa hatua. Jumapili inakaribia, na mama atapiga.