Chupa kwenye Mvuke wa Kuskusi

Hospitali nzima ya mlimani, katika jimbo la Kabilia, ilijua kwamba Zahwa mpishi hamtaki Wardia muuguzi hata kumwona. Dada yake Zahwa alifia mikononi mwa Wardia, na tangu hapo Zahwa hakuchoka kutangaza sokoni: "Yule ana mkono wa nuksi. Akikugusa umekwisha!"

Ijumaa hiyo Akli, mume wa Zahwa, alipanda kuondoa theluji juu ya paa, akaporomoka. Kichwa kikagonga jiwe, ubongo ukaanza kuvimba. Daktari akaagiza dripu ya kupunguza uvimbe. Wardia akaitoa chupa stoo, akaiinua kwenye mwanga, akalaani. Baridi ilikuwa imefanya yake: dawa iliyoyeyuka vizuri kwenye maji sasa imejitenga, imetuama chini chengachenga kama sukari. Mtu hatundikiwi chenga mshipani. Na mabomba ya maji moto yalikuwa yameganda tangu asubuhi.

Palibaki moto wa jikoni tu, na juu yake kuskusi ya Ijumaa, punje za ngano zilizokuwa zikiiva kwa mvuke wa chungu. Wardia akaipeleka chupa huko.

"Toa kidude chako kwenye chungu changu!" Zahwa akafoka.

"Ni dawa ya Akli. Kaanguka."

Zahwa akanywea. Akaipua kuskusi mwenyewe, mbichi hivyohivyo.

Wardia akaishika chupa kwa kitambaa, akaigeuzageuza mvukeni na kuitikisa mpaka chenga zote zikayeyuka, dawa ikawa angavu. Zahwa akamvuta mkono.

"Haya kimbia! Unangoja nini?"

"Inaunguza. Haiingii mwilini hivi. Ipoe kwanza."

"Unangoja afe, mchawi we!"

"Tukana utakavyo. Simtundikii."

Alisema hivyo, lakini alijua hatari yake. Mzee huyu akifa, maneno ya sokoni yatakuwa kweli, na hakuna mzazi atakayemletea tena mtoto wake. Akaigusisha chupa kwenye kifundo cha mkono wake, kama mama apimavyo maziwa, huku Zahwa akimtemea mate miguuni. Ilipofikia joto la mwili, hakungoja ipoe zaidi chenga zikarudi. Akakimbia kuitundika.

Jioni Akli akafumbua macho, akaomba maji.

Zahwa akapakua kuskusi yenye mabonge, akagawa wodi nzima, akamruka Wardia. "Mvuke wangu ndio uliomponya!" akatangaza. "Huyo mwingine alitaka kumwua kwa kungojangoja."

Wardia akamshika Akli kifundo cha mkono kupima mapigo. Yalikuwa sawa, naye akarudi stoo kuinua chupa inayofuata kwenye mwanga.