Nyundo ya Kujaribia

Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi, na kwa miaka ishirini hakuruhusu mteja ajaribu hata nyundo. "Nunua kwanza, utajaribu nyumbani," ndiyo ilikuwa kauli yake.

Seremala mmoja akanunua, akaenda kujaribu nyumbani. Pigo la kwanza tu, kichwa cha nyundo kikachomoka kwenye mpini na kumvunja mkewe taya. Alirudi dukani na ule mpini. Alimtwanga mume wangu mpaka damu ikatapakaa kwenye mizani ya misumari. Nilikuwepo, na sitadanganya, sikuharakisha kuamulia.

Siku hizi kuna nyundo ya kujaribia mlangoni, na gogo lake. Imefungwa mnyororo. Mume wangu aliupima mwenyewe, usifike kaunta.