Bwana Panya na Kadi Nyekundu

Mtaani walimwita Bwana Panya, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na tisa alilisha, aliosha na kuhesabu panya weupe katika maabara ya utafiti iliyokuwa nyuma ya chuo cha udaktari. Watoto walimwuliza kama huwaimbia wapate usingizi. Majirani walisema wenzake wanalipwa kuua panya, yeye analipwa kuwabembeleza. Alicheka nao, maana kwa utani hakuna aliyemfikia, na utani huohuo ndio uliokuja kumtokea puani.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Chumba kilikuwa na vizimba vya plastiki zaidi ya mia mbili kwenye rafu za chuma, kila kimoja na maranda chini, chupa ya maji juu na kadi mbele. Kushoto walikaa panya wa kawaida. Kulia walikaa wale ambao wataalamu walikuwa wamewaondolea jeni moja tangu kabla hawajazaliwa. Daktari wa utafiti, mama mmoja mwenye subira, alimweleza siku ya kwanza.

"Mwili ukijeruhiwa au ukiingiliwa na vijidudu, unawasha moto. Ndiyo maana kidonda kinavimba, kinakuwa chekundu, kina joto. Moto huo unatusaidia. Lakini kazi ikiisha lazima pawe na wa kuuzima. Jeni hii kazi yake ni kuzima. Hawa wa kulia hawana."

"Kwa hiyo moto unaendelea tu?"

"Unaendelea. Utumbo unaungua, unajitengeneza, unaungua tena. Sasa seli zinazojitengeneza mbio mbio kila siku, ipo siku zitakosea. Kosa likiachwa likakua, ndiyo saratani hiyo."

Tangu hapo Bwana Panya akajiona zimamoto. Aliingia saa moja asubuhi, akainama kizimba baada ya kizimba, akitazama maranda. Yakiwa yamelowa, au kukiwa na tone la damu, alichomeka kadi nyekundu mbele ya kizimba na kumpigia Daktari simu. Sheria ilisema panya akiharisha siku mbili apimwe. Yeye hakungoja hata hizo mbili. Daktari alimsifu mbele ya wageni kwamba jicho lake linashinda mashine, naye akarudi nyumbani kifua mbele.

Ila jicho hilo alilivua pamoja na koti la kazi. Nyumbani alikuwepo dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu wazazi walipofariki na kumsomesha kwa kushona sare za shule. Waliishi ua mmoja: yeye chumba cha mbele, dada na binti yake vyumba vya nyuma, choo kimoja uani. Dada alikuwa na tumbo. Ndivyo walivyosema, "dada ana tumbo," kana kwamba wengine hawana. Katikati ya upindo aliiacha cherehani, sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa, akatoka mbio. Mwanzoni mara nne kwa siku, baadaye mara saba. Bwana Panya, na ule ulimi wake, akakibatiza choo jina.

"Fundi yuko wapi?" mteja akiuliza, alijibu, "Yuko ofisini, anasaini mafaili. Bosi haingiliwi."

Watu walivunjika mbavu. Dada naye alicheka. "Mdogo wangu, Mungu anakuona," alisema, akivuta kiti kurudi kwenye cherehani. Utani ukakolea, ikawa kila anayekwenda chooni anakwenda ofisini. Dada alipokonda, alisema amepunguza mafuta kwenye chakula. Alipoanza kufua nguo zake za ndani alfajiri, kabla watu hawajaamka, hakuna aliyeuliza kwa nini. Ikapita miaka sita hivyo.

Siku aliyoangukia cherehani walimkimbiza hospitali, wakamwingiza kamera ya kuchungulia utumbo. Daktari wa wodi alimwita Bwana Panya pembeni.

"Utumbo mpana umewaka miaka mingi bila kutibiwa. Humo ndimo saratani ilimoota, na sasa imefika kwenye ini. Alianza lini kutoa damu?"

Ungemwuliza Bwana Panya kizimba namba themanini na mbili kilianza lini kulowa, angekutajia tarehe na saa. Habari ya damu ya dada yake ndiyo kwanza aisikie, tena kwa mtu baki, kwenye korido. Aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama daktari usoni.

Alirudi kitandani akamshika dada mkono.

"Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ungecheka."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema huku akimpapasa vidole, kama zamani alipokuwa akimtoa miiba. Hakumaliza miezi mitatu.

Msibani watu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali ni ya kweli, lakini Bwana Panya iliposemwa alitoka nje, kwa kuwa alijua nani aliyemfundisha marehemu kujificha. Majuto ni mjukuu, na huyu wa kwake alikuja kukaa.

Aliporudi kazini alimwuliza Daktari kama dada naye alikosa ile jeni.

"Siwezi kujua," Daktari alisema. "Binadamu si panya wa kizimba. Kuna jeni nyingi, kuna vijidudu, kuna mengine hata sisi hatuyajui. Ila maradhi ya namna hii wakati mwingine hutembea kwenye ukoo. Alikuwa na mtoto?"

Alikuwa naye. Binti alikuwa na miaka ishirini na sita, na sasa cherehani ilikuwa yake. Jumamosi moja Bwana Panya alipita pale akakuta kiti kitupu na sindano imezama ndani ya kitambaa cha shati. Akasimama palepale mpaka binti alipotokea uani akitabasamu.

"Nilikuwa ofisini, mjomba."

Hakucheka. "Tangu lini?"

"Ah, mjomba, tumbo tu. Si ndiyo ukoo wetu? Ofisi yenyewe uliifungua wewe."

"Tangu lini, mwanangu? Kuna damu?"

Binti aliinamisha macho, akaanza kuchezea uzi. "Kama miezi mitatu. Damu kidogo."

Jumatatu, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, mtu mwingine alikagua maranda. Bwana Panya alikuwa hospitali na mpwa wake. Kamera ilikuta utumbo umewaka, umevimba, una vidonda, lakini saratani haikuwepo. Daktari wa hospitali akaandika dawa za kutuliza moto huo, na kamera irudiwe kila atakapoitwa, bila kukosa.

Walikaa kwenye benchi la dirisha la dawa wakingoja kuitwa. Binti alikuwa ameikunja karatasi yake mapajani.

"Mjomba, kumbe ni maneno mawili tu. Tangu lini," alisema. "Mama ulimwuliza lini?"

Bwana Panya alimgeukia, akamtazama usoni.

"Sikumwuliza, mwanangu. Nilimcheka."