Vikapu vya Heru Juu Vilivyovuka Ziwa

Ukifika Heru Juu, huku mkoani Kigoma, ukauliza nyumba ya Yusta, watakuuliza Yusta yupi, na kabla hujafungua kinywa watakujibu wenyewe: yule wa maharage, yule anayeongea. Kweli anaongea. Marehemu mumewe, mtu mpole, alikuwa akisema ameoa redio isiyohitaji betri. Lakini iko siku moja Yusta huyu alikosa la kusema, na waliokuwepo wanaisimulia mpaka leo.

Kwanza umjue Félicité. Huyu ni mama wa Kikongo aliyekaa miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akiuza vitenge na sabuni gulioni, ubavuni kabisa mwa debe la maharage la Yusta. Walianza kwa kuchungiana bidhaa, wakafikia kuwa ndugu. Yusta alipofiwa, Félicité ndiye aliyelala naye chini mpaka msiba ukaisha. Kisha Félicité akarudi kwao, ng'ambo ya ziwa, na huko akakuta watoto waliobaki bila mtu. Akawachukua wawili. Wakaja wengine, nyumba ikajaa, majirani wakaanza kuiita nyumba ya yatima.

Siku alipotuma sauti kwenye simu ya Yusta, hakuomba kitu. Alisema tu, "Dada, batoto beko bengi, na muhogo imeisha." Yusta alikuwa anapepeta. Akaweka ungo chini, akajifunga kitenge vizuri, akatoka.

Alipita kanisani, akapita msikitini, akapita mpaka vilabuni, akitaka kila mtu atoe debe la maharage kwa yatima wa Félicité. Watu wakamcheka. "Yusta, watu wa ng'ambo ndio huja huku na misaada, wapige picha na sisi," alisema Ildefonsi, mfanyabiashara wa dagaa. "Leo sisi ndio tusaidie ng'ambo?"

"Nenda kapigwe picha wewe," Yusta akamjibu, "ila debe lako uliache hapa."

Ildefonsi akaliacha. Walimu waliohamishiwa huku kutoka mikoa ya mbali wakaleta yao, huku wakiuliza huyu mama ni nani anayeamuru hivi. Mwatumu, jirani yake Yusta tangu usichana, akaleta maharage ya njano aliyokuwa ameyaweka ya mbegu, yale asiyomuuzia mtu.

Sasa sikiliza kosa lao, maana ni kosa la watu wa huku tu. Ildefonsi alikubali kuupeleka mzigo Kigoma na kuupandisha boti, akaja na magunia. Wanawake wakamtazama kana kwamba amewatukana. Gunia ni la kuuzia! Zawadi kwa Waha, wenyeji wa huku, huenda ndani ya igiseke, kikapu kirefu chenye mfuniko uliochongoka, kile kinachobeba vitu vya harusi na vya mzazi. Basi kila mmoja akakitoa chake chumbani, akakipangusa, akakijaza. Mwatumu akatoa kile alichoachiwa na bibi yake, chenye mistari myeusi ya kupindapinda.

"Jamani, boti si harusi!" Ildefonsi alilalamika. Hakuna aliyemsikia. Vikapu vilifungwa kwa kanga, vikapanda gari, vigelegele vikapigwa.

Gari lilipopotea kwenye kona ndipo Mwatumu aliposogea. "Yusta, vikapu vitarudi?"

"Vitarudi. Kwani Félicité mwizi?"

"Najua vitarudi," Mwatumu alisema polepole. "Vitarudi na nini?"

Hapo ndipo Yusta alipokumbuka. Kwao kikapu cha mtu hakirudishwi kitupu. Hata kama huna kitu utatia viazi, utatia chumvi kidogo, maana kukirudisha kitupu ni kumwambia aliyekupa kwamba urafiki basi. Na Félicité, kwa miaka yote ile aliyoishi na Waha, alilijua hilo vizuri. Kumbe walikuwa wamewapelekea yatima chakula pamoja na deni.

Alimpigia siku ileile, asimpate mpaka mzigo ulipokwisha kufika. "Mdogo wangu, nakuomba, virudishe vitupu. Sisi wenyewe tumesema. Hakuna atakayekasirika."

Nyuma ya Félicité watoto walikuwa wakicheka. "Batoto bameshaniuliza bikapu ni bya nani," alisema. "Nimeshabaambia." Hapo mtandao ukakata.

Miezi ikapita na simu ya Félicité haipatikani. Watu wakaanza kuulizia vikapu vyao, kwanza kwa utani, kisha bila utani. Shamsia, binti wa Mwatumu, akachumbiwa, na kikapu cha bibi ndicho kilichotegemewa kubeba zawadi zake. Mwatumu hakulalamika hata mara moja, jambo lililomuuma Yusta kuliko maneno ya wengine. Lakini hasa hasa, kilichomnyima raha hakikuwa vikapu. Alikuwa akimwona mtoto asiyemjua, huko ng'ambo, akipunjwa chakula ili kikapu cha Heru Juu kijae. Akawa anaomba dua ambayo hajawahi kuisikia kwa mtu: Mungu wangu, virudi vitupu.

Vilirudi siku ya gulio, juu ya gari la Ildefonsi, vimefungwa kwa kanga zilezile. Yusta akawapita watu wote, akakinyanyua cha Mwatumu. Kilikuwa kizito. Hasira na aibu vikampanda kwa pamoja.

"Wamejinyima," alisema. "Wamejinyima, na ni mimi niliyewafanyia hivi!" Akang'oa mfuniko.

Maharage ya njano. Yaleyale. Yusta akaangua kilio, akidhani watoto hawakuyagusa kabisa. Mwatumu ndiye aliyetia mkono, akachota, akanusa. "Tulia, dada. Haya ni mapya. Bado yananukia shamba."

Yusta akafuta macho, akaangalia. Kweli, ganda lilikuwa linang'aa. Ildefonsi akatoa simu yake, akasema Félicité alirekodi maneno kwenye simu ya watu wa boti, nao wakamtumia. Wote wakasogea, akapandisha sauti.

"Dada Yusta, simu yangu waliiba, unisamehe. Batoto balikula, balishiba, usiogope. Ila kwa kila kikapu balitoa kiganja kimoja, bakapanda nyuma ya nyumba. Balisema, bikapu bya watu habirudi bitupu. Haya ni mavuno ya kwanza. Sasa beko na shamba yao, na banapanda tena. Na kale kakapu kadogo, usikachanganye na bingine."

Walikitafuta, wakakikuta kimejificha katikati ya vile vikubwa. Kilikuwa kimepinda ubavu, mistari yake myeusi ikipanda na kushuka inavyotaka, na mfuniko ulikaa upande. Hakikuwa cha mtu yeyote wa Heru Juu. Watoto walikuwa wamekitazama kikapu cha bibi yake Mwatumu miezi yote ile mpaka wakajaribu kusuka cha kwao. Ndani mlikuwa na maharage ya kujaza kiganja.

Sauti ya Félicité ikamalizia: "Kale si ka kurudisha. Kale ni kao. Banakutumia benyewe."

Watu waliokuwa wamewahurumia watoto wale kwa miezi walisimama wakishangaa, kila mmoja na kikapu chake kifuani, maana sasa watoto hao walikuwa wametuma zawadi, kama jirani anavyomtumia jirani. Yusta alikipokea kile kidogo kwa mikono miwili na kupiga goti, kama anayepokea kwa wakwe. Walimsubiri aseme neno. Hakusema. Machozi yalidondokea mfuniko, akayafuta kwa kidole, taratibu, asije akaharibu kazi ya watu.

Kisha akamgeukia Ildefonsi.

"Boti inaondoka lini tena?"