Jua Kwenye Shuka za Hospitali

Shangazi yangu ni mtu wa maneno. Kila alipoingia kwetu, mama alizima redio, akisema nyumba moja haihitaji redio mbili. Kwa hiyo ukoo mzima ulishangaa alipopata kazi ya kushinda peke yake gizani, kwenye chumba cha kusafishia picha za eksirei, na akaipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

Hospitalini aliajiriwa kama mfagiaji. Fundi wa eksirei alikuwa mzee mmoja mrefu, mpole, ambaye wagonjwa walimwita Simama-Wima, maana kutwa nzima maneno yake yalikuwa hayo hayo: simama wima, vuta pumzi, usipumue. Msaidizi wake alipohamishwa, alimwomba shangazi aweke ufagio kando amshikie mlango. Kesho yake akamwomba amshikie fremu. Haikupita wiki akawa amemfundisha kazi yote: kutoa filamu kwenye kasha lake chini ya taa nyekundu, kuibana kwenye fremu, kuitumbukiza kwenye dawa ya kwanza, kisha ya pili, kuisuuza na kuianika.

Picha ya kwanza aliyoisafisha kwa mikono yake ilikuwa ya mfupa wa paja. Uliibuka taratibu ndani ya dawa, kwanza kivuli, kisha ukingo, kisha mfupa mzima na ufa wake. Shangazi hakungoja hata picha ikauke. Alitoka mbio, fremu inachuruzika maji hadi kwenye viatu vyake, akaenda kumwonyesha mwenye paja pale kwenye benchi.

"Huyo ndiye mimi?" mgonjwa aliuliza.

"Ndiye wewe," shangazi akamwambia. "Na umevunjika pazuri, panaonekana vizuri kabisa."

Simama-Wima alimrudisha ndani akiwa amejikaza asicheke.

Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alikuwa dereva wa lori la kuhamisha vyombo vya watu. Siku moja mteja aliyekuwa akipunguza mizigo alimpa kamera ya zamani ndani ya mkoba wa ngozi. Baba hakuwa na shughuli nayo. Alimpelekea dada yake akisema, "Wewe ndiye mwenye kazi ya picha." Shangazi aliishika kamera ile kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga, huku nyuma mkono, huku chini mkono. Alitafuta mkanda wa picha nyeusi na nyeupe, akaumaliza kwa siku moja: mumewe kazini akichomelea vyuma, mkwewe akichambua mchele, sisi watoto tumejipanga ukutani kwa urefu, bata wa jirani, na sufuria lililokuwa linang'aa.

Sasa akabaki na swali la kuusafisha. Simama-Wima alifikiri, kisha akasema, "Ijumaa jioni dawa huwa inamwagwa ili iwekwe mpya. Kabla haijamwagwa, ni yako."

Ijumaa ilipofika, shangazi alijifungia chumbani, akawasha taa yake nyekundu kama kawaida, akaufungua mkanda, akautia kwenye dawa. Ulitoka mweusi tii, mwanzo hadi mwisho. Hakuna bata, hakuna sufuria, hakuna mume. Alitoka nao mkononi kama mtu aliyebeba nyoka aliyekufa.

Simama-Wima aliutazama, akauliza kama taa ilikuwa imewaka. Ilikuwa imewaka. "Filamu zetu za eksirei haziioni taa nyekundu," alimweleza. "Huu wako unaona kila rangi. Uko kama wewe mwenyewe, haupitwi na kitu. Ukitaka kuufungua, zima hata hiyo nyekundu."

Mkanda wa pili aliusafisha kwenye giza totoro. Saa hakuweza kuiona, basi alipima muda kwa wimbo wa kubembelezea mtoto, akiuimba tena na tena huku akitikisa fremu. Alipowasha taa na kuuinua mkanda, mumewe alikuwa pale, amegeuzwa: uso wake mweusi umekuwa mweupe, meno meusi, moto wa kuchomelea doa jeusi kifuani. Shangazi aliruka akajigonga kichwa kwenye bomba. Kinundu kile alitembea nacho wiki nzima, na kila aliyeuliza alionyeshwa mkanda.

Mashine ya kukuza picha hawakuwa nayo. Alipata mabaki ya karatasi za picha kwa mwenye studio wa mjini, akailaza negativu, ule mkanda wenye sura zilizogeuzwa, juu ya karatasi, akaikandamiza kwa kioo, akawasha na kuzima taa, kisha akaitia karatasi kwenye dawa. Picha zilitoka ndogo, zinakaribia kulingana na kiberiti. Alizitia kwenye pochi akazipitisha mtaa mzima.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na watu walimwita Cheche. Aliichukua ile picha yake, akaisogeza karibu na jicho, akaiweka mbali, akasema, "Mbona mimi mdogo hivi?"

"Baba watoto, shukuru umetokea," shangazi akamjibu. "Mwenzio wa mkanda wa kwanza hajaonekana mpaka leo."

Kutoka hapo karakana ya Cheche ikawa shule ya shangazi. Alikuwa akitoka kazini anapita moja kwa moja, anaweka kamera juu ya kigoda, anangoja jioni ianze kuingia. Aligundua mwenyewe kwamba akiiacha kamera imefumbua jicho kwa muda wa pumzi moja ndefu, zile cheche hazitoki kama vidoa, zinatoka kama nyuzi, kama majani marefu yaliyoinamishwa na upepo. Mkanda mmoja ulitakiwa umtoshe mwezi mzima, hivyo alijifunza kusubiri. Angeweza kukaa pale mpaka mguu ufe ganzi, kidole kiko juu ya kitufe, hajabonyeza. Cheche alizoea. Wateja ndio hawakuzoea. Mmoja aliuliza kama yule mama ni askari wa upelelezi.

Miaka ilikwenda hivyo, mpaka hospitali ilipoletewa mashine mpya ya eksirei ambayo picha yake hutokea kwenye kompyuta. Siku mashine ilipofungwa na kuwashwa, kila mtu alipiga makofi, na shangazi naye akapiga, halafu akaelewa. Dawa hazikuhitajika tena. Chumba chake kiliwekwa magodoro ya akiba kikafungwa kufuli. Simama-Wima akastaafu. Shangazi akahamishiwa dirisha la mapokezi, kuita majina ya wagonjwa, kazi ambayo kwa sauti yake ilimfaa sana, lakini jioni alirudi nyumbani amenuna. Yule mwenye studio pia alikuwa amefunga. Kamera ilipanda juu ya kabati, na karakanani hakupita tena.

Binti yake, ambaye ana kibanda cha kutengeneza simu, ndiye aliyechoka kumwona vile. Alimletea kamera ya dijitali, akaiweka mezani mbele yake.

"Mama, jaribu hii."

"Picha yake inasafishiwa wapi?"

"Haisafishwi. Inatokea hapo hapo."

"Basi hiyo si kamera, ni kioo. Vioo ninavyo."

Binti hakubishana naye. Alijimiminia chai, akaanza kuipuliza. Shangazi, kwa kutaka tu kumridhisha ili aondoke na kitu chake, aliinua kamera akabonyeza. Kwenye kile kioo cha nyuma akamwona bintiye, mashavu yamejaa upepo, mvuke unampanda usoni, na mwanga wa dirisha umeugeuza ule mvuke kuwa kama pamba. Alinyamaza, na kwa shangazi kunyamaza ni habari.

"Ngoja," alisema. "Puliza tena."

Jioni ile mboga ziliungua jikoni na hakuna aliyelaumiwa. Alipiga picha tone la bomba linalodondoka. Alipiga paka, kivuli cha paka, na kisogo cha Cheche akiwa anakula. Aliamka na kamera, akalala nayo karibu na mto. Cheche aliwaambia majirani, "Siku hizi hata nikijikuna mgongo, ushahidi upo."

Kadi ilipojaa, akakaa na bintiye wachague za kufuta. Ndipo furaha yake ilipopata mushkeli. Matone ya bomba yalikuwa mamia, na tone lililokuwa tone kweli, duara, na dirisha zima linaonekana ndani yake, lilikuwa moja tu. Aliyatazama yote kwa zamu.

"Zamani nilikuwa nachagua ndipo nabonyeza," alisema. "Sasa nabonyeza ndipo nachagua. Macho yangu yamekuwa mavivu."

Alichofanya kesho yake kiliwachekesha wauguzi. Aliomba plasta ya kufungia vidonda, akabandika juu ya kile kioo cha nyuma, akatembea na kamera yake iliyofungwa kama jeraha. Akabaki kusubiri, kama enzi za mkanda. Alirudi karakanani, kigoda kile kile, mguu ule ule ukafa ganzi. Alipokuja kubandua plasta, alikuta cheche za mumewe kwa rangi: za mwanzoni nyeupe, zinakwenda njano, zinaishia nyekundu kama kaa kabla ya kuzimika. Alimwita Cheche aje aone. Walisimama wakainamia kamera, vichwa vimegusana, na yule fundi aliyezitazama cheche maisha yake yote akasema hajawahi kujua kwamba zinabadilika njiani.

Mwaka mmoja baadaye redio ilitangaza kupatwa kwa jua. Lingeliwa sehemu kubwa, libaki kama ukucha. Shangazi alijiandaa kama anayeozesha. Cheche alimpa kioo cheusi kuliko vyote alivyokuwa navyo vya kuchomelea, na binti akakifunga mbele ya lenzi kwa gundi ya karatasi. Vingine alivigawa hospitalini watu watazamie, na mkuu wa wauguzi akaruhusu wagonjwa wanaojiweza watoke uani. Simama-Wima naye alikuja, na mkongojo wake na kofia yake ya mstaafu.

Uani palijaa watu. Wa mikongojo, wa viti vya magurudumu, wa kushika ukuta, wote wamepanga foleni kwenye vioo vya Cheche. Jua lilianza kumegwa kidogo kidogo. Shangazi alipiga picha ya kwanza, akaona kwenye kamera kijua cha kijani kilichong'atwa pembeni, na pale pale akaanza kuwazungushia wagonjwa, benchi kwa benchi, waone. Mtu aliyefungwa bandeji jicho moja aliitazama kwa lile lingine akaomba aone tena. Zamani wangengoja Ijumaa. Sasa walikuwa wanaona jua la dakika ile ile.

Mwanga ukawa wa ajabu, mchana lakini mchana uliochuja, na upepo ukapoa. Kila mtu alikuwa ameelekeza uso juu. Hapo ndipo dobi wa hospitali, mama mnene asiyependa mchezo na kazi yake, alipopaza sauti kutoka nyuma ya jengo la kufulia.

"Nani kachezea shuka zangu?"

Shangazi aligeuka. Shuka nyeupe zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba kando ya mti mkubwa, na kila shuka ilikuwa imejaa vijua. Si madoa ya kawaida ya mwanga unaopenya majanini. Yalikuwa majua madogo yaliyoliwa, kila moja na umbo la mwezi mchanga, mamia kwa mamia, yakipanda na kushuka kila upepo ulipogusa matawi.

Alikimbia. Alikuwa anakimbia huku anabandua kioo cha Cheche kwenye lenzi, na gundi inamng'ang'ania vidoleni. Alipofika aliinua kamera, kisha akaishusha. Alisimama kwanza akatazama. Simama-Wima alimfuata akihema, akaonyesha majani kwa mkongojo.

"Kila kitundu kati ya majani ni kamera," alisema. "Kila kimoja kinapiga picha ya jua lake."

Dobi alikuwa amesimama katikati ya shuka, mikono kiunoni, vijua vimemjaa usoni na kwenye aproni, hajui kama akasirike au aogope. Simama-Wima alimwona amesimama vibaya mbele ya kamera, na kwa mazoea ya miaka mingi ulimi ukamtoka.

"Simama wima. Vuta pumzi. Usipumue."

Uani kote watu wakaangua kicheko, mpaka wa mbavu zilizovunjika wakawa wanacheka huku wanajishika. Dobi alishindwa kujizuia, kichwa kikaenda nyuma, na vijua vikamteleza shingoni. Shangazi alibonyeza. Akabonyeza tena mara chache tu, bila haraka, mpaka vijua vikaanza kunenepa na mwanga wa kawaida ukarudi.

Picha ile ilikuzwa, ikatundikwa kwenye korido ya kungojea eksirei, na dobi mwenyewe alichagua msumari uwekwe wapi. Iko mkabala na dirisha la mapokezi, kwa hiyo shangazi husikia kila linalosemwa. Mmoja husema yule mama ana ugonjwa wa ngozi. Mwingine hubisha kwamba ni magamba ya samaki, au ni shuka za maua. Shangazi huvumilia majina mawili matatu, halafu uvumilivu humwisha. Hutoka dirishani, husimama mbele ya benchi, huanza kueleza habari ya jua, majani na vitundu, kwa mikono na kwa sauti, hata foleni inasimama na muuguzi inabidi aite majina mwenyewe.

Juzi nilikwenda kumtembelea nikiwa na mfuko wa sukari, manyunyu yanaanza. Mlango ulikuwa wazi, ndani hakuna mtu. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mwanamke wa umri ule, amelala kifudifudi juu ya gunia, kamera imekaribia kugusa ardhi, anafuata mstari wa siafu waliokuwa wanahamisha mayai yao kabla mvua haijakolea. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba bila kugeuka.

"Mwanangu, sogea kushoto, unaniziba mwanga," alisema. "Na polepole. Yule wa nyuma kabeba mawili."

Nilisogea. Nikainama nami nimtafute huyo wa nyuma, na tulipokuja kukumbuka sukari, mfuko ulikuwa umelowa hadi ndani.