Wimbo Ndani ya Barakoa

Mzee Kipkirui huendesha lori la maziwa kutoka Olenguruone hadi Nakuru. Kwa kuwa pumzi yake hukatika usingizini, hulala amevaa barakoa ya mashine ya kupumulia, na aliagizwa asiivue kabla hakujapambazuka. Bila idhini ya kliniki, haendeshi.

Safari hii alipofika kliniki na mkewe, daktari alimwonyesha mchoro wa pumzi zake uliorekodiwa na mashine. Kila alfajiri mstari ulilala, ukaruka, ukalala tena.

"Mzee, hii ni pombe; ndiyo hukata pumzi hivi usingizini. Siwezi kukuruhusu uendeshe."

Kipkirui, mzee wa kanisa, aliinamisha kichwa kwa aibu. Mkewe, Zeddy, alisimama.

"Pombe? Umemuuliza yeye hufanya nini alfajiri?"

"Mama, mashine haidanganyi."

"Basi mvishe barakoa hapa hapa! Baba Chebet, imba vile unaimbanga kitandani."

Daktari alimvisha, akawasha mashine. Kipkirui akaimba wimbo wake wa sala ya asubuhi. Aliposhikilia sauti, mchoro ulilala; alipovuta pumzi, uliruka. Ulikuwa ule ule wa alfajiri.

"Kumbe alikuwa macho!" daktari alicheka.

"Usicheke," Zeddy alisema. "Umemwita mume wangu mlevi. Mwombe msamaha kwanza, halafu uandike kwamba ataendesha."

Daktari aliacha kucheka. Aliomba msamaha, kisha akaandika.