Oili ya Trekta Kwenye Gari la Posa

Kuna watu wa Kanduyi ambao hadi leo wakiniona sokoni wanatembea kinyumenyume hatua tatu, nne, halafu wanashikana mabega na kucheka. Wacha niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwao, maana kila mwaka wanaongeza chumvi.

Wakati huo magari yaliyotumika Japani ndiyo yalikuwa yanaanza kujaa Kitale, yale ya otomatiki, hayana klachi, na mafundi wetu walikuwa wanayazunguka tu kama watu wanaotazama nyoka. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alinunua moja. Viti alikuwa hajavitoa nailoni, ukikaa inalia kama maandazi kwenye mafuta. Kwa kuwa baba yetu alikuwa ameshafariki, Mwalimu ndiye alichaguliwa kuwa msemaji wetu siku ya kwenda Kanduyi kumwombea ndugu yangu Wekesa mke.

Na siku hiyo haikuwa ya mchezo. Mara ya kwanza tulikuwa tumewaangusha wale wakwe, mvua ikatukwamisha njiani, chakula chao kikalala. Mjomba wa binti akatuma neno kwamba mara hii saa sita ikipita bila sisi kuonekana, tusijisumbue tena. Wekesa alikonda wiki nzima.

Jioni ya kuamkia safari Mwalimu akaniita. "Osha gari," akasema. "Osha tu."

Sasa mimi niliacha shule darasa la saba, nikachoma matofali Kipsongo, nikauza mitumba Kapsokwony, na mwaka huo nilikuwa nimetoka shamba moja la mahindi nilikomsaidia dereva wa trekta kwa miezi minne. Miezi minne, lakini ukiniuliza kazi yangu nilikuwa nakuambia mimi ni mekanika. Nikaosha, nikafuta, kisha nikafungua boneti (nilitaka tu kuona). Nikakuta kijiti cha kupimia oili, nikapima, iko sawa. Halafu nikaona kijiti cha pili, upande wa giaboksi. Nikakichomoa. Oili yake ilikuwa nyekundu, nyepesi, kama juisi ya watoto.

Maishani sikuwa nimeona oili nyekundu. Mtu mwenye akili angerudisha kijiti na kwenda kula. Mimi nikaamua kwamba hiyo ni kutu, kwamba giaboksi inaoza ndani, na kwamba Mungu amenituma niokoe posa ya ndugu yangu. Nikaingia chini, nikafungua nati, nikamwaga yote kwenye karai. Kisha nikaleta mtungi wa oili ya giaboksi ya trekta, ile nzito tunayoita tisini (msiniulize ilitokaje shambani), nikaanza kuimimina kwenye kale katundu kadogo ka kijiti. Ilikuwa inateremka kama uji wa wimbi uliopoa. Hapo tu ningejua. Sikujua.

Asubuhi mimi ndiye nilishika usukani, maana Mwalimu alitaka kukaa kushoto kama mkubwa. Nikaweka gia ya kwenda mbele, gari likafikiria kwanza, ndipo likatoka.

"Mbona inasitasita?" Mwalimu akauliza.

"Ni baridi ya Kitale, Mwalimu. Itachangamka."

Hadi Kiminini lilijikaza. Kwenye mlima wa Kamukuywa injini ikanguruma kama inapanda mbinguni na sisi tuko palepale, jamaa wa baiskeli aliyebeba maziwa akatupita, akatugeukia na kutusalimia vizuri kabisa. Harufu ya kuungua ikaingia. Wekesa akaniangalia kwenye kioo, mimi nikaangalia barabara.

Tulipofika Kanduyi na kuingia ile njia ya udongo ya kwenda kwa wakwe, gari likasimama. Saa sita kasoro robo. Wakati huohuo simu ya Mwalimu ikalia, alikuwa mjomba wa binti, na Mwalimu kwa sauti ya darasani akamwambia, "Tumeshafika. Tunaingia sasa hivi na gari."

Nikajaribu gia zote za mbele, hakuna. Nikajaribu rivasi, likaruka kama mbuzi.

"Mwalimu," nikasema, "inaenda. Lakini inaenda huko nyuma."

"Si tutembee tu?" Wekesa akasema.

"Nitembee na gunia la sukari ya posa kichwani, mimi, mbele ya wakwe?" Mwalimu akang'aka. "Geuza gari."

Basi wanaume watatu wazima tukalisukuma hadi mkia ukatazama kwa wakwe, nikapinda shingo, tukaenda. Akina mama walikuwa wamejipanga langoni wakiimba. Walipoona tunakuja na buti mbele, wimbo ukakatika katikati ya neno. Mimi kwa aibu nikakosa breki kidogo, bampa ikasukuma mti wa turubai, na turubai lote likawalalia wazee walioketi chini yake.

Mjomba wa binti akajifunua, akaokota kofia. "Mulembe," akatusalimia taratibu. "Hawa ni wageni gani wanatuletea matako ya gari? Kwetu anayekuja kinyumenyume ni mtu ameshakataa binti. Basi endeleeni na safari yenu, mnaelekea nyumbani vizuri."

Mwalimu, msemaji wetu, akainama kufunga kamba za viatu. Wekesa alikuwa ameshaanza kutoa machozi. Nikajua ni mimi au hakuna. Nikapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya wazee, akina mama na shemeji yangu mtarajiwa aliyechungulia dirishani, nikasema hatujakataa mtu, ni mimi nimeweka oili ya trekta kwenye otomatiki.

Mjomba akainama. Kumbe aliwahi kuendesha trekta Trans-Nzoia miaka kumi na minane. "Ati tisini?"

"Tisini, mzee."

"Na ile nyekundu, ambayo ndiyo oili yake, ulimwaga?"

"Nilidhani ni kutu."

Akaniambia nirudie, kwa sauti, nao wa nyuma wasikie. Nikarudia. Nilirudia mara nne, kila mzee aliyechelewa kuja alitaka yake, hadi bibi mmoja akashika mbavu na kuomba niachwe, atakufa. Wekesa akaitwa ndani akapewa kiti. Mimi nilikula nje, pamoja na gari.

Jioni walileta maksai wawili wa kulimia, wakalivuta hadi lami, na Mwalimu ameketi ndani ameshika usukani, anatazama mbele bila kupepesa, watoto wa mtaa mzima nyuma yake. Giaboksi haikupona. Mwalimu hanisalimii hadi leo. Ndugu yangu alioa, na mkewe akipata wageni ananiita niwasimulie.

Kwa hiyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: sitafungua tena giaboksi ya mtu ambaye hajanituma. Ya aliyenituma bado nafikiria.